Picha ya Bibi Zeina

Radhia alikuwa amesimama juu ya kiti, akipima dirisha la tatu la nyumba ya Bi Hannah ili alishonee pazia, alipotupa jicho chini akamwona mama wa babu yake mezani.

Hakuanguka, lakini futi ilimponyoka.

Mvua za mwaka ule wa 1986 zilikuwa zimetia ukungu kila kitu Malindi, mpaka viatu kabatini, na Bi Hannah alikuwa ameanika vitabu vyake vya picha juani, pale penye meza ya barazani. Kurasa zake zilijaa vikadi vidogo vya rangi ya chai iliyofifia, kila kimoja kadiri ya kiganja cha mtoto, na katika kila kimoja mlikuwa na mwanamke. Huyu amevaa kofia ya manyoya ya ndege. Yule ameshika upanga kama mwanamume. Wa tatu amelaza shavu juu ya mkono, akitazama juu kama anayengoja kuitwa jina. Na katika safu ya pili, kilemba cha hariri kichwani, lulu safu tatu shingoni, jicho limekwenda pembeni, alikuwapo Bibi Zeina.

Radhia alishuka kitini.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Bi Hannah alikuwa mjane wa Kiingereza mwenye miaka sabini na ushei. Aliuza shamba lake la bara akaja kuzeekea karibu na bahari, na Kiswahili chake alijifunzia shambani, kwa hivyo alikisema kama mtu anayetoa amri hata alipokuwa amefurahi.

"Hii? Ah, hii bibi ya mchezo!" alisema, akasogeza kitabu. "Zamani sana, London. Naimba, nacheza, watu nakuja kutazama. Baba yangu alikusanya hii yote wakati yeye kijana. Ilikuwa ndani ya pakiti ya sigara. Wewe nanunua sigara, napata bibi moja."

"Kwenye pakiti ya sigara?"

"Ndiyo. Kadi ni ngumu, nashika sigara isivunjike. Halafu watu napenda hizi bibi kuliko sigara." Alicheka. "Huyu alicheza kama bibi ya sultani. Nguo yote ya mchezo, lulu ya mchezo. Mama yake alifua nguo ya watu. Soma, jina iko hapo chini."

Jina lilikuwapo, kwa herufi ndogo: Miss Adela Varnham.

Radhia alirudi juu ya kiti akamaliza kupima. Dirisha la nne alilipima mara mbili, na mara zote mbili akaandika vipimo tofauti. Bi Hannah alimletea chai, naye akainywa ikiwa moto mno, akaaga, akatoka kwa mwendo wa mtu aliyesahau kitu jikoni.

Nyumba yao ilikuwa Shela, mtaa wa zamani wa Malindi, na katika ukumbi wa nyumba ile, mahali ambapo kila aingiaye lazima apatazame, palitundikwa fremu ya fedha. Ndani yake mlikuwa na ile picha. Hapakuwa na mtoto aliyekulia pale asiyeijua hadithi yake kama anavyoijua Alhamdu. Bibi Zeina alikuwa Mturuki. Alizaliwa Stambuli, akaletwa Unguja kwenye jumba la wakubwa, na kutoka huko akaolewa na Msellem, mwenye mashamba wa Mambrui. Akamzaa Uthman. Uthman akamzaa Bi Tumu, mama yake Radhia. Siku za Idi wageni walionyeshwa picha, na Bi Tumu, ambaye sasa alikuwa na miaka sabini na sita na magoti yasiyokunjika, bado alikuwa akisema, "Litazameni lile jicho. Radhia amelichukua jicho lile."

Radhia alikuwa na kisa chake na picha hiyo. Mwaka wa 1964, akiwa na miaka kumi na tisa, kijana mmoja wa Mambrui aitwaye Farjallah alileta posa. Walikuwa wamependana mwaka mzima kwa barua na kwa salamu walizopeleka mashoga zake. Posa ilirudishwa siku ile ile. Bi Tumu alisimama chini ya picha akasema maneno ambayo Radhia hakuyasahau tena: "Damu ya Bibi Zeina tuichanganye na ya watumwa wa watu?" Baadaye akaozwa Saad, mtu wa kwao na wa hadhi yao. Saad akaenda Maskati kutafuta kazi, na baada ya miaka miwili talaka ikaja kwa posta. Radhia akabaki na cherehani yake na binti mmoja, Shekha.

Shekha sasa alikuwa na miaka ishirini na moja, anafundisha watoto wadogo Kurani chuoni. Na wiki mbili kabla ya siku ile ya mapazia, mwalimu mmoja wa hesabu, Kahindi, Mgiriama wa Ganda, Mwislamu tangu kwa babu yake, alikuwa ametuma mtu kuuliza kama akileta wazee watapokewa. Bi Tumu hakujibu kwa maneno. Alinyoosha kidole chake chenye rangi ya tambuu akaionyesha picha, basi. Shekha alikwenda chumbani akajifungia.

Mchana wa siku ile ya mapazia, mama yake alipojilaza baada ya adhuhuri, Radhia aliitungua fremu. Nyuma ilikuwa imebandikwa karatasi ya zamani iliyokauka kama ganda la kitunguu. Aliipasua kwa kisu cha kukatia uzi. Picha ikateleza ikaanguka mapajani mwake, kifudifudi.

Mgongoni ilikuwa na maandishi ya Kizungu, ya rangi ya buluu. Radhia alisoma mpaka darasa la saba, na mengi hakuyaelewa, lakini neno la sigara aliliona mara tatu. Upande wa chini maandishi yalikatika katikati ya herufi. Mtu alikuwa amekata ukingo kwa mkasi, na mkono wake ulitetemeka kidogo, maana mkato ulikwenda upande.

Alirudisha kila kitu kama kilivyokuwa, akaitundika fremu, akaketi. Akainuka. Akaketi tena.

Siku mbili zilizofuata hakuweza kutulia mahali. Alishona pazia la Bi Hannah ndani nje, akalifumua, akalishona tena ndani nje. Alikwenda sokoni kununua nazi akarudi na bamia. Alimkemea Shekha kwa kuacha mlango wazi, na mlango aliuacha yeye mwenyewe. Akipita ukumbini alijilazimisha kutotazama ukuta, kisha akatazama. Jicho lilikuwa pale pale, likimtazama mtu mwingine aliyesimama nje ya picha, labda mpiga picha, labda mtu aliyemwambia, "Geuka kidogo, hivyo hivyo." Miaka arobaini na moja Radhia alikuwa ameambiwa kwamba jicho lile ni lake.

"Mwanangu, una nini?" Bi Tumu aliuliza asubuhi ya siku ya tatu. "Umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Shekha alikuwa amekwenda kazini. Nyumbani walikuwa wawili tu. Radhia aliitungua fremu, akaitoa picha, akaiweka mapajani mwa mama yake, mgongo juu.

Bi Tumu aliyatazama yale maandishi ya buluu. Hakushangaa. Hakuuliza ni nini. Aliuliza, "Nani aliyeifungua?"

Hapo ndipo Radhia alipojua. Mpaka dakika ile alikuwa amejiandaa kumpa mama yake habari ngumu, amtulize, amshike mkono. Sasa mikono yake haikuwa na kazi.

"Ulijua," alisema.

"Funga mlango."

"Hakuna mtu, mama."

"Nimesema funga mlango."

Radhia alifunga. Bi Tumu aliigeuza picha, akamtazama yule mwanamke kwa muda kama mtu atazamavyo mpangaji aliyekaa sana.

"Nilikuwa na miaka kumi na saba," alisema. "Watu wa baba yako waliponiposa. Walikuwa watu wakubwa, si kama tulivyo leo. Mashamba yao yalifika Ganda. Wakasema wao wanataka kujua asili. Upande wa Msellem ulijulikana. Wakauliza, je, mama yake Uthman ni nani? Baba yangu alikuwa karani wa forodha, wajua. Alikuwa na kadi hii. Fundi mmoja wa meli alikuwa akiitia ndani ya kitabu chake kuwekea alama, na siku baba alipoisifu, akampa. Kwa miaka ilikaa katika kasha, mchezo tu. Alasiri moja akaitoa, akaikata chini kwa mkasi, akaenda kutengenezewa fremu. Akaniita. Akasema, 'Tumu, huyu ndiye mama yangu. Ukiulizwa, ni huyu.'"

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema, 'Baba, bibi si nilimjua? Bibi si ndiye aliyenilea?' Akanitazama. Akaniambia, 'Wataka kuolewa ama wataka kusema?'"

Nje, mtu alipita akinadi samaki. Radhia alingoja sauti iishe.

"Alikuwa nani?"

"Zeina ni jina lake kweli. Walimpa Mambrui, aliposilimu. Kwao aliitwa Mbodze. Alikuwa Mgiriama wa Jilore. Mwaka wa njaa kubwa wazazi wake walishuka naye mpaka kwa Msellem, wakapewa mtama, wakarudi. Yeye akabaki. Alikuwa kadiri ya miaka minane, tisa. Alipokua, Msellem akamzalisha baba yangu."

"Alimwoa?"

"Sijui. Sikuuliza, na wewe usiniulize." Kisha, bila kuulizwa, akaendelea, na sauti yake ikawa ya upande mwingine, kama anayezungumza na mtu aliye chumba cha pili. "Alikuwa mfupi. Mweusi, kama mimi, si unaniona? Watu wote huniona nilivyo na hakuna aliyewahi kuuliza Mturuki alikwenda wapi. Alikuwa akisuka mikeka. Vidole vyake vilikuwa vigumu hapa, na hapa. Nikiugua alinikanda kwa vidole hivyo na kuimba maneno ya kwao. Sikuyafahamu. Nilikuwa na miaka kumi na moja alipokufa."

Radhia alitaka kuuliza mengi, lakini swali moja lilimtoka kabla ya mengine.

"Na Farjallah?"

Bi Tumu aliifunika picha kwa kiganja.

"Farjallah alikuwa na nyanyake, Bi Kaltuma. Waliletwa mwaka mmoja, yeye na bibi yangu, walilala mkeka mmoja. Mwaka ule wa posa yenu alikuwa bado yu hai, kizee cha miaka tisini, macho mazima, ulimi mzima. Angelikuja harusini. Angeliketi pale, chini ya picha, mbele ya mawifi zangu wote. Angeliuliza, 'Huyu ni nani?'"

"Basi hukumkataa kwa sababu ya utumwa."

"Nilimkataa kwa sababu ya Bi Kaltuma."

Radhia aliinuka, akaenda mpaka dirishani, akarudi, akaenda tena. Alihisi kama kwamba mtu amemhamishia vitu vyote nyumbani na yeye anatembea akijigonga.

"Ulinivunjia maisha yangu kwa kuogopa swali moja?"

"Nilikuwa na mume," Bi Tumu alisema. "Nilikuwa na wana, nyumba, jina. Baba yako angeniacha."

"Angekuacha kweli? Baba?"

"Sijui. Nimekaa naye miaka arobaini, akafa, nami sijui."

Kisha akamwomba jambo moja. Alisema, "Ningojee nife, mwanangu. Haitakuwa mbali. Nikifa, fanya utakavyo."

"Na Shekha naye angoje ufe?" Radhia alimjibu, akavaa buibui lake akatoka.

Hakujua anakwenda wapi mpaka alipokuwa ameshavuka daraja la Sabaki. Mambrui alikuwa hajaikanyaga tangu mwaka wa 1970. Aliuliza kwa Farjallah fundi wa redio, akaonyeshwa kibanda chenye milango ya kijani mbele ya nyumba. Mkewe ndiye aliyemwona kwanza, mwanamke mnene mwenye uso mwema, akamkaribisha na kumletea maji, kisha akaingia ndani kuwaacha wazungumze, mlango ukiwa wazi.

Farjallah alikuwa amezeeka upande wa nywele tu. Alikuwa na redio mbele yake, imefunguliwa tumbo. Alimwamkia kwa heshima kama anavyoamkiwa mgeni, akaweka bisibisi chini. Radhia alimweleza yote kwa mara moja: Bi Hannah, pakiti ya sigara, Mbodze, Bi Kaltuma. Alipomaliza alikuwa akihema.

Farjallah hakumtazama. Alikuwa akizungusha kijiskrubu kidogo juu ya meza kwa ncha ya kidole.

"Mimi nalijua hilo, Radhia," alisema.

"Ulijua?"

"Nyanya aliniambia siku ile ile posa iliporudi. Alicheka mpaka akapaliwa. Akasema, 'Kitukuu cha Mbodze kinatukataa sisi?' Akataka achukuliwe Malindi, asimame mlangoni kwenu na kusema. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimshika miguu."

"Kwa nini?"

"Ningekupata kwa kumvua mama yako nguo mbele ya watu? Ungelinitazamaje baadaye? Niliona ni heshima."

Radhia alijikuta amesimama. "Heshima ya nani, Farjallah? Yeye alijua akanyamaza. Wewe ulijua ukanyamaza. Nyote mlikuwa mkinihifadhi, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi. Ungeniandikia barua. Ulikuwa ukiniandikia kila wiki!"

Farjallah aliinua macho. Midomo yake ilisogea kama ya mtu anayehesabu.

"Ndiyo," alisema mwishowe. "Hilo sikulifanya. Nimekosa."

Radhia alikuwa amekuja na hasira ya kutosha kupigana na udhuru wowote, na hakupewa udhuru. Alimshukuru mkewe kwa maji, akaondoka. Njiani alilia kidogo, kisha akaacha, kwa sababu alikuwa amekwisha fikiri atakalofanya.

Alipofika Malindi hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia shuleni kwa Kahindi akamkuta kwenye kivuli cha darasa, mikono imejaa chaki. "Walete wazee wako Jumapili baada ya alasiri," alimwambia. Kahindi alifungua kinywa kuuliza, Radhia akawa ameshageuka.

Alipofika nyumbani alimwambia mama yake. Picha ilikuwa imerudi ukutani. Nani aliyeirudisha, Radhia hakuuliza. Siku nne walikaa nyumba moja wakipishana kama watu wa misafara miwili. Bi Tumu hakutafuna tambuu. Shekha alimuuliza mama yake mara kumi, "Kuna nini?" na mara kumi Radhia akamwambia, "Ngoja." Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe hakujua. Akiwa jikoni aliapa kwamba atasimama mbele ya wazee na kusema yote. Akimwona mama yake akijikokota kwenda kutia udhu, ameshika ukuta, moyo ulimgeuka. Dakika mbili baadaye ulimgeuka tena.

Jumapili wazee walikuja watatu, wakiongozwa na ami yake Kahindi, mzee mrefu mwembamba aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa. Waliketishwa ukumbini. Wanawake walikaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Aliyewapokea wageni alikuwa Awadh, kaka yake Radhia, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, ambaye Saad alikuwa amempa uwakili wa binti yake tangu alipoondoka. Awadh alikuwa mtu wa maneno mazuri. Aliwapa kahawa na halua, akawauliza hali za mashamba na za watoto, kisha akakohoa.

"Ndugu zetu," alisema, "tumefurahi kwa ujio wenu. Kijana hatumjui kwa ubaya. Lakini kila nyumba ina asili yake, na asili ni amana. Sisi tumeachiwa amana na yule mnayemwona pale ukutani. Bibi yetu Zeina alitoka Stambuli..."

Nyuma ya pazia Radhia alisimama. Alihisi leso yake ikivutwa kutoka chini.

"Keti," Bi Tumu alimnong'oneza.

"Mama, siwezi..."

"Keti, nimesema. Nipe mkono kwanza."

Radhia alimpa mkono. Bi Tumu alijiinua kwa magoti yake mabovu, akajitanda leso vizuri kichwani, akalisogeza pazia, na akatoka mbele ya wanaume. Awadh alikatika katikati ya neno.

"Awadh, nyamaza, mwanangu," alisema Bi Tumu. "Huyu mwanamke simjui. Alitoka kwenye pakiti ya sigara."

Mmoja wa wazee alicheka, akidhani ni mzaha wa kikongwe, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

"Mama, umechoka," Awadh alisema. "Radhia! Mchukue mama ndani."

"Sikuchoka. Miaka hamsini na tisa nimetundika mtu wa watu ukutani kwangu." Aliegemea ubao wa kiti. "Mama yake baba yangu aliitwa Mbodze. Alitoka Jilore, mwaka wa njaa. Mimi amenilea. Kama kuna mtu hapa ana la kusema juu ya damu, aseme, lakini aseme juu ya hiyo."

Nyuma ya pazia Shekha alikuwa ameshika mkono wa mama yake kwa kucha.

Ami yake Kahindi aliweka kikombe chini. "Mbodze wa nani, mama?" aliuliza taratibu. "Wa mbari gani?"

Hapo ndipo sauti ya Bi Tumu ilipopasuka. "Sijui," alisema. "Hilo ndilo sijui. Nilikuwa mtoto, na alipokufa tulikatazwa kumtaja."

Mzee yule aliinama kidogo. "Pole, mama," alisema. "Wengi waliondoka mwaka ule. Kwetu pia wapo waliotajwa na wasiotajwa."

Posa ilikubaliwa, ingawa kwa namna ya kukwamakwama, maana Awadh alitoka nje na ikabidi aitwe mara mbili. Wageni walipoondoka alimwambia dada yake kwamba ameuza jina la nyumba kwa sababu ya chuki zake za zamani, na kwamba watoto wake yeye bado hawajaolewa, na asili ile wataihitaji. Kisha akatangaza sokoni kuwa mama yake ameanza kupoteza fahamu. Wako walioamini. Wako waliokuja kumtembelea Bi Tumu kwa vikapu vya matunda, na macho yao yakawa yanaukwea ukuta mahali fremu ilipokuwa kabla haijatunguliwa, pakabaki alama nyeupe ya mraba. Mawifi wawili waliokuwa bado hai hawakuja kabisa. Bi Tumu alisema hata hajui kama amehuzunika.

Shekha na Kahindi waliozwa mwezi wa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Awadh ndiye aliyemwozesha, uso umemkunjamana kama aliyemeza mwiba, lakini alitamka maneno yote sawasawa na hakuna aliyeweza kumlaumu. Farjallah na mkewe walialikwa. Walileta zawadi ya redio, wakaketi, wakala, wakaaga. Yeye na Radhia walisalimiana mlangoni, basi.

Radhia alikuwa ametazamia kwamba baada ya harusi moyo wake utatua. Haukutua. Alikuwa akiamka akiwa na hasira na mama yake, akimpikia uji kwa hasira, na akimwona anaupuliza kijikoni kwa midomo ile isiyo na meno, hasira ikikosa pa kushika. Kusamehe hakuweza, kuondoka pia. Alichoweza ni kuuliza. Kila siku alimuuliza jambo moja juu ya Mbodze. Alipenda kula nini? Alicheka vipi? Alimwitaje Msellem? Bi Tumu alijibu alivyoweza, na mara nyingine jibu la leo lilipingana na la jana. Jumatatu Mbodze alikuwa na pengo la jino mbele. Alhamisi alikuwa na meno yote.

"Kwa hivyo alikuwa na pengo ama hakuwa nalo?"

"Niache, Radhia. Mimi mwenyewe namtafuta."

Mwezi wa Desemba, asubuhi moja ya Ijumaa, Bi Tumu alisema anataka kwenda kumzuru kaburini. Alikuwa hajakwenda tangu alipokuwa bibi harusi. Kahindi aliazima gari la rafiki yake akawapeleka Mambrui, akawangoja barabarani, nao wakaingia makaburini pole pole, mama amemwegemea binti.

Mengi ya makaburi yale hayakuwa na jina. Yalikuwa mawe ya matumbawe yaliyochomekwa kichwani na miguuni, mengine yamelala, majani yamepanda katikati. Bi Tumu alisimama, akageuka huku na huku.

"Palikuwa na ukuta," alisema. "Tulikuja na ukuta ukiwa mkono wa kulia."

Hapakuwa na ukuta. Walikwenda mbele kidogo. Bi Tumu alionyesha kaburi dogo lenye jiwe lililopasuka. "Ni hili." Akavua viatu. Walisimama wakaisoma Fatiha, mikono wazi, na Radhia akahisi kitu kifuani kikianza kulegea. Kisha mama yake akainua kichwa, akatazama upande wa mchanga unaoinuka.

"Si hili," alisema. "Lilikuwa juu zaidi. Nadhani ni lile."

Walikwenda kwenye lile, wakasoma. Halafu Bi Tumu akasita tena, akakumbuka kichaka, akakumbuka mawe matatu, akamvuta mwanawe mkono. Radhia alifungua kinywa amwambie basi, jua linapanda, magoti yako. Akamtazama. Mama yake alikuwa amebeba viatu mkononi, miguu mitupu juu ya mchanga, na uso wake umetokwa na jasho kama wa mtoto aliyepotea sokoni.

"Twende tukaone," Radhia alisema.

Walisoma mara saba kabla jua halijawa kali, kila mara kwa kaburi jingine, na Bi Tumu bado alikuwa akinyoosha mkono mbele.